Nikisema atafutwa, nikinyamaza naogopa atanifia mikononi

Somo, assalaam aleykum.

Mimi ni mama wa miaka 38, nakaa Chaani, nafanya kazi kwa kinu kimoja cha unga huku upande wa Changamwe. Sitataja ni kipi na jina langu pia nakuomba ulifiche. Niliingia hapo 2016 kama kibarua wa kufagia, leo niko pakingi na nimeandikwa, nina pesilipu yangu, namshukuru Mungu. Mume wangu hubeba mizigo bandarini siku ikipatikana, isipopatikana twala changu. Watoto ni watatu, mkubwa yuko fomu tatu.

Kuna mama tulikaa naye nyumba moja Likoni zamani, mimi humwita mamangu manake alinilelea mtoto wangu wa kwanza miaka miwili bila kunidai hata shilingi. Mwaka jana alinijia akanambia mwanangu, huyu mdogo wako amemaliza shule yuwakaa tu barazani, hebu mwangalilie kitu huko kwenu. Nikazungumza na kontrakta anayeleta vibarua, kijana akachukuliwa. Nimuite Hamadi, si jina lake. Ana miaka 23, mpole, mchapa kazi, hana maneno na mtu. Mamake yuwaumwa na sukari na dawa ni Hamadi anayenunua, na dadake yuko shule.

Walimuweka kwa mdomo wa mashine, pale unga unaposhuka kuingia kwa gunia, na kazi ikipungua huambiwa akung'ute magunia yaliyorudi. Somo kama hujawahi kuingia kinu sijui nikueleze vipi, pale ukikaa nusu saa nyusi zinakuwa nyeupe kama za mzee. Na jioni mashine zikizimwa kuna hosi ya kompresa, wanapuliza unga juu ya mashine na kwa sakafu, nyumba nzima inakuwa ukungu, halafu tunajipuliza nayo na sisi nguo zitoke unga tupande matatu.

Miezi sita ya kwanza alikuwa sawa kabisa. Halafu akaanza mafua, macho mekundu, kisha kikohozi kikavu cha usiku. Idi alienda kwa babake mdogo Msambweni siku tano, akanambia mwenyewe kule alilala vizuri, nikamwambia ni hewa ya shamba. Karudi kazini siku ya pili kifua kikaanza kupiga filimbi. Sasa amenunua pampu ya bluu kwa duka la dawa Magongo, hakuandikiwa na mtu, na naona anaivuta mara nyingi, shifti moja hata mara tano sita.

Wiki tatu zilizopita tuko shifti ya usiku nikamkuta nyuma ya beli za unga amechuchumaa, ameshika ukuta, hawezi kusema. Midomo si rangi yake. Nilimtoa mpaka getini nikakaa naye kwa upepo karibu saa nzima, nikisoma kila dua ninayoijua, mpaka akatulia. Kitu cha kwanza kunambia ni dadangu nakuomba wallahi usimwambie mtu. Manake kontrakta akisikia tu una ugonjwa wa kifua kesho unaambiwa usije, na asubuhi pale getini watu wamejaa wakingoja nafasi. Nikamuapia. Na mamake pia sijamwambia, akinipigia simu kuuliza mwanangu yu hali gani namwambia yu salama.

Sasa yaliyonifanya nikuandikie. Mwezi uliopita nilichaguliwa kuingia kamati ya sefti upande wa wafanyakazi. Sikuomba, walinitaja wenzangu. Wiki hii supavaiza amenijia na fomu, anasema odita wa usalama yuwaja baada ya siku kumi na anataka sahihi yangu kuonyesha kwamba kila mtu wa pakingi hupewa maski ya N95 kila shifti na amefundishwa kuivaa. Ukweli ni kwamba tunapewa ile barakoa nyepesi ya bluu, moja kwa wiki, na mafunzo hayajawahi kuwa. Nikamwambia nipe muda nisome. Akacheka akasema soma lakini kumbuka kazi ni zetu sote. Nikajaribu kumuuliza habari za lile vumbi akasema wewe uko hapa miaka mingapi, unaumwa? Wengine wanaumwa? Mwenye kifua dhaifu asije kinuni. Na kusema kweli hapo nilikosa jibu manake hata mimi niko salama, isipokuwa chafya za asubuhi mpaka machozi yanitoka, lakini hiyo ni mafua ya kaskazi tu.

Mume wangu anasema usijitie kimbelembele, tia sahihi, huyo kijana ni wa kontrakta si wako. Mimi usingizi sina. Nikisema, Hamadi atafutwa na nimevunja kiapo, na labda mimi pia nitafutwa. Nikinyamaza na siku moja nisimkute nyuma ya beli kwa wakati, mamake nitamtazama na uso gani? Mimi ndiye niliyempeleka. Nishauri Somo.

Mwenye Kiapo, Chaani

SOMO ANAJIBU

Waaleykum salaam mwanangu. Nianze na ule usiku wa shifti kabla ya fomu na kamati, manake hilo halingoji. Mtu wa kifua akifika mahali hawezi kumaliza maneno bila kusimama kuvuta pumzi, au midomo imebadilika rangi kama ulivyoona, au amevuta pampu na haijamfungua, hapo si pa kukaa naye getini mngoje itulie. Ni hospitali, na kutoka mlipo Port Reitz si mbali. Safari ile ilitulia, alhamdulillahi, nyingine inaweza isitulie. Akae wima asilazwe, pampu aivute njiani, na mtu aende naye. Hili kubalianeni wewe na yeye leo, hata kama mengine yote bado hamjakubaliana.

Na hiyo pampu ya bluu. Ile hufungua njia za pumzi kwa saa chache tu, haiponyi uvimbe ulioko ndani. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu inasema mtu asiitegemee hiyo peke yake, anahitaji na dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe wenyewe. Mtu anayeivuta mara tano sita kwa shifti moja anakuambia kwamba ugonjwa umemshinda, hata kama mdomoni anasema yuko sawa.

Sasa turudi kwako. Nimekusikia unabeba vitu vitatu na umevifunga furushi moja ndo maana hauinuki. Kuna kiapo cha Hamadi, kuna sahihi anayotaka supavaiza, na kuna deni lako kwa mama wa Likoni. Umeviunganisha hivi: nikisema, nikinyamaza. Kana kwamba kuna mlango wa kutokea na mlango wa kuingilia tu. Mimi nataka tuvifungue kimoja kimoja, manake nahisi baadhi ya unayoyaona ni ukuta si ukuta, na baadhi uliyoyapita haraka ndiyo yenye uzito.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Umeamini ni unga, na huenda ni unga kweli, dalili ulizoniandikia zinaelekea huko. Miezi kadhaa sawa, kisha mafua na macho, kisha kifua, halafu siku tano Msambweni analala vizuri, akirudi siku ya pili filimbi. Hiyo ndo sura ya pumu ya kazini. Unga wa ngano una protini zake, na viwanda vingine huongeza na vimeng'enya (enzaimu) vya kuufanya unga uumuke vizuri, mwili wa mtu unaweza kukaa navyo miezi au miaka halafu siku moja ukavikataa. Si hewa ya shamba iliyompa usingizi mwanangu, ni kukosekana kwa unga. Kuna daktari wa Kiitaliano, Bernardino Ramazzini, mwaka 1700 aliandika habari za wasaga nafaka na waokaji mikate wanaokohoa na kubanwa na pumzi, na akawaambia madaktari wenzake wakimuuliza mgonjwa maswali yao yote waongeze na hili, kazi yako ni gani? Miaka mia tatu na zaidi imepita na mpaka leo mtu anaingia kliniki anakohoa, anapewa dawa ya kikohozi, hakuna aliyemuuliza.

Lakini mimi na wewe si madaktari. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili hapa kwetu lazima kipimwe TB, na kipimo chake hospitali za serikali ni bure. Ikiwa ni TB basi ni habari nyingine kabisa, ina dawa, pia bure, na mnaokaa naye karibu mtahitaji kuangaliwa. Kwa hivyo kabla hujamwambia yeyote lolote, kuna swali la kumuuliza Hamadi mwenyewe: tutaenda kupimwa lini? Mwambie akifika kwa daktari aanze na hilo la Ramazzini, nafanya kazi kinu cha unga, kwa mdomo wa mashine, na siku nisipoenda kazini napumua. Aandike kwa karatasi siku za kazi na siku za mapumziko, alikohoa vipi, alilala vipi, pampu alivuta mara ngapi. Wenye vifaa watampa na kile kidude cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi, apulize mara kadhaa kwa siku kwa wiki mbili mpaka nne, siku za kazi na za nyumbani zote. Karatasi hiyo ndiyo inayosema kwa sauti siku ambayo mtu atasema ni kifua chake tu dhaifu.

Na kwa nini nakaza hapa? Kwa sababu pumu hii ina ubaya mmoja. Mtu akitolewa kwa vumbi mapema ana nafasi nzuri ya kupata nafuu kubwa, akiendelea kuvumilia mwaka na miaka huku anavuta pampu, kifua kinaweza kubaki hivyo hata akiacha kazi. Na mwili ukishaukataa unga, kiasi kidogo tu kinatosha kuuamsha. Hamadi anadhani akificha analinda mkate wa mamake. Amepewa nafasi ya kujua kwamba huenda anauza kifua cha miaka arobaini ijayo? Sisemi aache kazi kesho, dawa ya sukari haingoji. Nasema alikuapisha bila kujua haya, na wewe ulimuapia bila kujua haya. Je, hamuwezi kukaa tena na kulizungumza upya?

Hapo kwa kiapo, hebu nikuulize. Uliapa usimwambie mtu nini hasa? Kwamba Hamadi ni mgonjwa. Hilo ni la mwili wake na nakubaliana nawe, si letu kulitangaza. Lakini uliapa usiseme kwamba kuna vumbi? Vumbi si siri ya Hamadi. Vumbi liko kwa nyusi za kila mtu. Wewe mwanakamati unaweza kusimama ukasema habari za mdomo wa mashine, za kung'uta magunia, za hosi ya kompresa, na jina la mtu lisitajwe kabisa. Na unaweza hata kupendekeza watu wa pakingi wote wapimwe kifua, wote, ili asionekane mmoja. Kanuni za 2005 za uchunguzi wa afya kazini zinataka wafanyakazi wa kazi zenye madhara wapimwe na daktari aliyeidhinishwa, na gharama ni ya mwajiri. Ila hili pia lina hatari yake na sitakuficha, wakipimwa wote na Hamadi akaonekana, kontrakta anaweza kumtoa. Ndo maana nasema aanze kupimwa yeye mwenyewe pembeni, awe na karatasi yake mkononi kwanza, aamue yeye.

Mumeo anasema Hamadi ni wa kontrakta kama vile hilo limemaliza maneno. Halijamaliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda alinde kila mtu anayefanya kazi mahali pake, haiulizi ni nani anayemlipa Jumamosi. Na Sheria ya Ajira, ya mwaka huo huo, inasema kibarua aliyefanya kazi siku za mfululizo zinazofika mwezi mmoja ahesabiwe kama mtu wa mshahara wa mwezi, na aliyepita miezi miwili ana haki ya siku saba za kuumwa kwa malipo kamili na saba nyingine kwa nusu. Hamadi kapita yote hayo. Wajua na mimi najua kwamba pale getini asubuhi sheria haina sauti kubwa, mtu hafutwi, huambiwa tu leo hakuna kazi. Lakini kujua haki yako kunabadilisha unavyosimama hata kama hujaidai bado.

Sasa maneno ya supavaiza, kwamba wengine mbona hawaumwi. Yalikunyamazisha, na yangenyamazisha wengi. Lakini ugonjwa wa namna hii hauwapigi watu wote, huwapiga wale ambao miili yao imeukataa unga, kama vile samaki mmoja aliye kwa sahani moja anavyowasha mmoja na wengine wakala wakashiba. Kuwa wengine wazima si ushahidi kwamba unga hauna neno. Na wale walioumwa wakaacha, wako wapi? Nani anawahesabu? Wewe uko hapo tangu 2016, hebu kumbuka ni wangapi waliondoka na kikohozi.

Halafu maski. Nimeona umelishika hilo kama ndilo suala, na ni kweli barakoa nyepesi ya bluu haizuii unga laini, inapita pembeni. N95 inayokaa vizuri usoni huzuia asilimia 95 ya chembe. Lakini hebu fikiria joto letu la Februari, shifti ya saa nane au zaidi na magunia mgongoni, nani ataivaa mpaka mwisho? Na wanaume wenye ndevu, ambao huku kwetu ni wengi na ndevu zao zina maana kwao, maski ile haiwezi kushika usoni kwa ndevu. Kwa hao ziko kofia za mashine zinazopuliza hewa safi usoni, nchi nyingine huzitumia, lakini bei yake ni juu. Kwa hivyo nisingependa mkutano wenu uishe kwa maski tu, hata zikiletwa boksi nzima. Maski ni ya mwisho. La kwanza ni unga usiruke. Mdomo wa mashine uwe na kitambaa kinachobana gunia vizuri kisivuje, pawe na bomba la kufyonza vumbi pale pale linapotokea, magunia yasikung'utwe kwa mikono mahali pa wazi. Na hosi ya kompresa iachwe kabisa, wanunue vakyumu ya viwandani. Hiyo hosi mwanangu ndo inayonitisha zaidi ya yote uliyoandika. Mbali na mapafu, unga ukiwa ukungu hewani na cheche ikatokea, kwa kuchomelea au waya mbovu, unalipuka. Viwanda vya unga vimelipuka hivyo sehemu nyingi duniani. Na hilo ni jambo ambalo meneja anayehesabu hasara huenda akalisikia haraka kuliko kikohozi cha kibarua, wewe wajua lipi la kutanguliza mbele ya nani.

Tuje kwa fomu sasa, na hapa najua ndipo tumbo linapokukata. Sitakuambia utie sahihi wala usitie. Ila nataka uione ilivyo. Ukaguzi wa usalama unatakiwa kufanywa angalau mara moja kila miezi 12 na ripoti yake inaenda kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Karatasi hiyo ikisema kila mtu hupewa N95, siku Hamadi au mwingine atakapoanguka itatolewa hiyo hiyo kuonyesha kwamba alipewa akakataa kuvaa. Itakuwa na jina lako. Upande wa pili, ukikataa wazi wazi mbele ya watu umemkunja supavaiza, na yeye ndiye anayepanga shifti zako, anayekutia overtaimu, na huenda na yeye ametumwa tu na wa juu yake. Kati ya hayo mawili kuna njia. Unaweza kumwomba akupe rekodi za kutoa maski stoo ili uthibitishe unachokitilia sahihi, hilo ni ombi la kawaida la mwanakamati. Unaweza kuandika kwa mkono wako kile tu ulichokiona, barakoa moja kwa wiki, tarehe, na kutia sahihi hapo. Unaweza kusema sitii sahihi peke yangu, tulilete kwa mkutano wa kamati, manake kamati ni ya pande mbili sawa sawa na si mtu mmoja. Wenzako waliokutaja wako wangapi? Wanajua kama fomu hii ipo? Nahisi umekaa nayo peke yako siku zote hizi, na hofu ikikaliwa peke yake hukua.

Kama kuna unioni hapo, shopu stiwadi asikose kujua. Na ofisi ya usalama na afya kazini ipo hapa Mombasa, ni idara ya Wizara ya Leba, malalamiko hupokewa na unaweza kuomba jina lako lisitoke. Kenya iliridhia zamani mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani ambao unawataka wakaguzi wafiche mlalamishi ni nani. Ila kwa uaminifu nikuambie, ukiwa umeshamuuliza supavaiza habari za vumbi juzi na mkaguzi akaja kesho, watu watakisia. Sheria ya Ajira inasema kulalamika si sababu halali ya kumfuta mtu, na hiyo ni ngao, lakini ngao ya kortini huchukua miezi na kodi ya nyumba ni ya mwisho wa mwezi. Uweke na hilo kwa mizani. Una akiba ya muda gani? Mumeo anajua hesabu hiyo, au mnazozana tu kuhusu kimbelembele? Mimi sidhani ni mtu mbaya, naona ni mtu aliyeogopa. Mwonyeshe barua hii ukipenda.

Kama daktari atathibitisha ni kazi, Hamadi ajue kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 haihusu vidole vilivyokatwa tu, inataja na magonjwa yanayoletwa na kazi. Madai yana muda wake, miezi 12, kwa hivyo asikalie karatasi za hospitali. Na asikimbilie wakili wa barabarani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua Desemba 2019 mambo hayo huanzia kwa mkurugenzi, si kortini. Huenda pia daktari akaandika ahamishwe mahali pasipo vumbi, getini, ofisini, kwa mizani ya malori. Nafasi hizo ni chache na huenda wakasema hakuna. Lakini ombi lenye karatasi ya daktari si sawa na ombi la mdomo.

Hapo hapo upande wenu, karibu na Mikindani, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Yote yalianza na mama mmoja, Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kile kiwanda cha kuyeyusha betri, mtoto wake akaugua na akakataa kukubali kwamba ni homa za kawaida, mpaka madini ya risasi yakaonekana kwa damu yake. Ilichukua miaka mingi mpaka Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarudisha fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakaazi. Na katikati hapo alikamatwa, 2012, akashtakiwa kisha akaachiliwa. Sikutajii hili ili uwe yeye. Nalitaja kwa sababu uliniandikia kama mtu anayeona aibu kwa kuuliza swali, na swali lako ni la halali kabisa.

Mama wa Likoni sasa. Unasema wewe ndiye uliyempeleka Hamadi. Ulimpeleka kazini mwanangu, hukumpeleka kwa vumbi, aliyeacha vumbi liruke ana jina lake na si wewe. Lakini naelewa huwezi kulikubali hilo kwa kuambiwa tu. Nafikiria tu, huyo mama aliyekulelea mtoto bila kukudai, unadhani angetaka dawa yake ya sukari inunuliwe hivi kama angejua? Si lazima umwambie wewe. Huenda Hamadi mwenyewe akitoka hospitali ndiye atakayetaka kumwambia, na wewe ukae pembeni yake siku hiyo.

Hiyo safari ya kupimwa jaribuni ifike kabla ya odita, siku ya ofu yenu wote wawili. Na mkifika pale usimsindikize tu ukakaa nje kwa benchi. Zile chafya za asubuhi ulizoniandikia kwa mstari mmoja ukazipita, machozi yakikutoka, ukaziita mafua ya kaskazi: Hamadi naye alianza na mafua. Kaskazi ikiisha huwa zinaisha? Siku za Idi ulipiga chafya?